Mpeasi wangu ulikaa miaka sita bila tunda: uzi kwa wanaotaka kupanda peasi nyumbani

#1 MagambaJuu

Wakuu, habari za majukumu. Kwenye uzi wa parachichi wiki iliyopita watu watatu waliniuliza habari za peasi, nikaahidi kuufungulia uzi wake. Nitaandika kirefu, kwa sababu mti huu umenila miaka sita na sitaki mwingine apite nilikopita.

Nimezaliwa Lukozi, Lushoto. Nyuma ya jiko la mama kulikuwa na mpeasi mkubwa alioupanda babu, na kuanzia Februari tulikuwa tunaokota mapeasi mpaka mbuzi wanayakinai. Sikumbuki kuona mtu akiupogoa wala kuutia mbolea. Kwa hiyo nilipojenga kwangu huku Magamba nikaona peasi ni mti wa kuchimbia shimo tu, mengine utajua wenyewe. Mwaka 2013 nikanunua miche miwili kwa muuza miche mmoja. Akaniambia ni Williams, peasi la Ulaya, laini na tamu kuliko hayo mawe ya kwenu. Nikalipa mara tatu ya bei ya mche wa kawaida.

Miche ikashika, ikakua, mwaka wa tatu ikanipita kimo. Lakini kila Septemba nikawa naona jambo lile lile: ncha ya tawi inachipua majani, chini yake karibu mita nzima tupu, macho, yale machipukizi yaliyofumba, yamelala kama yamekufa. Mwaka wa tano nilihesabu maua matano, nayo yakapukutika. Nikadhani mti una njaa. Nikamwaga samadi ya kuku, nikaongeza urea. Ukarusha matawi marefu yamesimama wima kama fimbo, majani mapana ya kijani kizito, tunda hakuna.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba mmoja mstaafu aliyepita kuomba maji ya kunywa. Alishika tawi, akaligeuza, akaniuliza, "Huu mti ulilala lini?" Sikulielewa swali. Akakaa chini akanieleza.

Mpeasi ni mti wa nchi zenye kipupwe kikali. Kule kwao hupukutisha majani yote ukalala, na ukiwa umelala macho yake yanahesabu baridi. Hesabu inayotumika sana ni saa zilizo chini ya nyuzi 7 za Sentigredi. Zikitimia, joto likirudi macho yote yanaamka kwa pamoja, ya maua na ya majani. Zisipotimia mti unaamka nusu nusu: ncha inachipua, ubavu unabaki uchi, maua yanatoka machache na kwa kuchelewa. Williams, ambalo asili yake ni Aldermaston, Uingereza, karne ya 18, hutajwa kuhitaji kama saa 800. Huku kwetu usiku mzuri wa Julai unakupa saa mbili tatu za namna hiyo, na usiku mwingine haukupi hata moja. Ningeweza kuumwagia mti ule samadi ya Tanga nzima na usingezaa.

Mpeasi wa babu ulikuwa wa ukoo mwingine. Yule mzee aliponieleza umbo, tunda kubwa lililonenepa katikati na kuchongoka pande zote mbili, ganda la kijani linaloelekea njano lenye vidoadoa, nikamwambia ndiyo hilo hilo. Akasema ni Kieffer. Lilitokea Philadelphia, Marekani, karne ya 19, kwenye bustani ya Peter Kieffer, kutokana na mbegu ya mpeasi wa Kichina inayoaminika kuwa ilichavushwa na peasi la Ulaya. Damu hiyo ya Kichina ndiyo inayolifanya liridhike na baridi kidogo, saa kama 350 kwa hesabu za huko. Tena baridi ya nyuzi 8, 9 mpaka 12 nayo inahesabika kwa sehemu, si kwamba inapotea bure. Ndiyo maana linazaa hata milimani kwetu, ambako kwenye karatasi hesabu haitimii.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya mche, ijue baridi ya kwako. Nunua kipimajoto kinachobakiza alama ya joto la chini kabisa, kitundike kivulini urefu wa kifua, andika kila alfajiri Juni mpaka Agosti. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima kabla sijagusa kitu kingine. Usiku wa baridi kuliko zote nilisoma nyuzi 6, na mara nyingi 8 hadi 10. Kama huna kipimajoto, uliza mwinuko wa kwenu: kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka takriban nyuzi 6. Chini ya mita 1,400 hivi mimi sikushauri peasi la aina yoyote.

Na ile miti yangu miwili sikuing'oa. Nitaeleza nilivyoibadilisha, ngoja nimalize kukamua ng'ombe.

#2 KibadaMwisho

Mkuu umeandika vizuri sana. Mimi niko Kigamboni, nina kiwanja robo ekari, na mke wangu anapenda peasi kuliko tunda lolote. Je, nikiweka mti kivulini, nikamwagilia maji ya baridi, au nikaweka barafu kwenye shina usiku? Niliona video mtu anafanya hivyo.

#3 MagambaJuu

Ndugu yangu wa Kigamboni, nakujibu kwa upendo: usipoteze hela yako. Kinachohesabu baridi ni macho ya juu kwenye matawi, si mizizi wala shina. Barafu chini ya mti itakupa tope tu. Dar Julai alfajiri ni nyuzi 18 au 19, hapo mpeasi haujui hata kama kuna msimu umepita. Utapata mti wa majani, na miaka miwili mitatu baadaye utadhoofu.

Panda stafeli, komamanga, topetope, vitu vinavyoipenda pwani. Peasi mnunulie shemeji, na huko chini nitaeleza jinsi ya kuliivisha ili alile likiwa peasi kweli.

#4 KibadaMwisho

Nimeelewa. Afadhali kuambiwa ukweli. Nakaa kwenye uzi kwa ajili ya hiyo ya kuivisha.

#5 MagambaJuu

Narudi kwenye miti yangu.

Julai 2019 nilikwenda Lukozi kwenye mpeasi wa babu nikakata vikonyo vya kubebesha, yaani vitawi vya kupandikiza kwenye mti mwingine. Nilichagua vitawi vya mwaka uliopita, unene wa penseli, macho yamenona lakini hayajafunguka. Nikavifunga kwenye gazeti lenye unyevu, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaviweka kwenye friji ya dada. Hapo kuna jambo nililoonywa na nawaonya: visikae friji moja na matunda. Matunda yanayoiva, hasa ndizi na maepo, yanatoa hewa inayoua macho ya vikonyo. Dada alihamisha maembe yake wiki sita kwa ajili yangu.

Mwishoni mwa Agosti, macho ya ule mti wa Williams yalipoanza kuvimba, niliyakata matawi makubwa manne kati ya matano. Lile la tano nililiacha lipumue, liendelee kulisha mizizi. Kwenye kila kisiki nikapasua gamba wima, nikalifungua kama unavyofungua kola ya shati, nikachomeka kikonyo kilichochongwa mshazari upande mmoja, viwili kwa kila kisiki. Nikafunga na utepe wa plastiki, juu nikapaka nta. Kati ya vikonyo vinane vilishika sita. Ule mti wa pili ulikuwa na kidonda cha zamani kwenye shina, nikauacha, baadaye ukawa kuni.

Mwaka 2021 nikaona maua ya kwanza ya maana. 2022 nilichuma matunda 14. Msimu uliopita nilijaza madebe matatu na nusu. Mizizi ile ile ya Williams ya miaka sita ya hasara ndiyo inayolisha Kieffer ya babu.

#6 FundiMiche

Mkuu hongera kwa kazi, vikonyo sita kwa nane kwa mara ya kwanza ni mkono mzuri. Mimi ni mtu wa kitalu, naomba niongeze mawili na nikupinge kwa moja.

La kwanza, mnaponunua mche wa kubebesha angalieni kiungo kilipo. Kiwe kimefunga kabisa, na mkipanda kibaki juu ya udongo kiganja kizima. Mkikifukia, kikonyo chenyewe kinaota mizizi, na faida ya shina la chini, ule mche wenye mizizi, inapotea.

La pili, shimo. Sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu weka pembeni, changanya na debe moja la samadi iliyooza vizuri, rudisha. Samadi mbichi inaunguza. Mti mmoja na mwingine mita 5. Mpeasi unavumilia udongo mzito wa mfinyanzi kuliko epo, ila usiupande mahali maji yanasimama wiki nzima.

Ninalokupinga ni kuifanya Kieffer iwe ndiyo jibu pekee. Kuna peasi la Asia, lile la duara kama epo, ganda la kahawia au njano. Aina zake kadhaa zinaridhika na baridi kidogo pia, na tunda lake linaliwa hapo hapo mtini likiwa linavunjika mdomoni na maji tele. Halihitaji kuvundikwa. Mteja wa mjini analipenda. Kieffer ina chembechembe kama mchanga, hilo tusilifiche.

#7 MagambaJuu

Fundi, hatupingani. Nilikuwa nasema nilichopanda. Peasi la Asia nimelila Arusha mara moja na nililipenda. Kama una vikonyo vya uhakika nitafute kwa ujumbe Julai, nitabadilishana nawe vya Kieffer. Tena yatasaidiana kwenye uchavushaji. Kieffer inaweza kujizalia yenyewe kwa kiasi, lakini ukiweka aina nyingine inayochanua wakati huo huo, matunda yanaongezeka waziwazi. Asiye na nafasi ya miti miwili abebeshe tawi moja la aina ya pili kwenye mti wake.

Kuhusu mchanga mdomoni, nakubali upo. Ila sehemu kubwa ya lawama ni ya uchumaji, nitafika huko.

#8 MamaNjombe

Habari za jioni kaka zangu. Mimi niko Njombe, nje kidogo ya mji. Nina mipeasi mitatu, umri miaka saba, inazaa. Nina matatizo mawili. Kwanza, kuna mwaka sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ilishuka Agosti ikaunguza maua yote, yakawa meusi katikati. Pili, matunda yanapata madoa meusi yanayokauka na kupasuka, na majani nayo yana madoa. Nimepuliza dawa ya wadudu mara tatu, haikusaidia. Huku tuna baridi ya kutosha, sidhani kama shida ni saa.

#9 MagambaJuu

Mama, shikamoo kama umenizidi. Njombe mmebarikiwa. Mko juu karibu mita 2,000 na mko kusini zaidi kuliko sisi, kwa hiyo Juni mpaka Agosti yenu ni kipupwe kinachoeleweka. Hata aina zinazodai baridi zaidi ya Kieffer mnaweza kuzijaribu.

Sakitu ni suala la mahali ulipopanda. Hewa ya baridi kali ni nzito, inatiririka usiku kama maji na kujaa bondeni. Miti yako iko bondeni?

#10 MamaNjombe

Marahaba. Iko chini kabisa, karibu na kijito, nilidhani itafaidi maji.

#11 MagambaJuu

Ndiyo hapo. Mti unaofuata upandishe katikati ya mteremko. Na kama chini kuna ua wa miti au michongoma iliyofungamana, fungua uwazi ili hewa ile ipite isisimame. Hii mitatu usiihamishe, imeshakuwa mikubwa. Usiku unaohofia sakitu, mwagilia udongo mchana wake: udongo wenye unyevu unatunza joto la jua na kulitoa usiku kuliko udongo mkavu.

Madoa hayo ni ukungu, ndiyo maana dawa ya wadudu haikufanya kitu. Ukungu huo unajificha kwenye majani yaliyoanguka, mvua zikianza unarudi juu. Fagia majani yote chini ya mti yakishapukutika, yafukie mbali au yachome. Fungua katikati ya mti hewa ipite. Halafu dawa ya kopa (madini ya shaba), mara moja macho yakianza kuvimba kabla hayajafunguka, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Maua yakishafunguka usipulize chochote, utaua nyuki, na mpeasi hauwezi kumpoteza hata nyuki mmoja. Maji matamu ya ua la peasi yana sukari kidogo mno, nyuki akiona ua la maharage au parachichi karibu anakwenda huko. Mimi nimeweka mzinga hatua 20 kutoka kwenye mti kwa ajili hiyo.

#12 LimuruMkulima

Salamu kutoka Limuru. Huu uzi nimeusoma wote na nimefurahi. Sisi hapa tuko kwenye mita 2,200 hivi, lakini tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo baridi yetu ni ya mwaka mzima bila kipupwe chenyewe. Miti inachanganyikiwa. Utaona tawi moja lina maua, lingine lina matunda makubwa, lingine halijaamka.

Nilichosoma ni kwamba kule Batu, Java, wakulima wa epo wanang'oa majani yote kwa mkono kama mwezi mmoja baada ya kuvuna, mti unachanua tena, na wanavuna mara mbili kwa mwaka bila kipupwe chochote. Nimejaribu kwa epo zangu mbili na zikachanua. Kwa peasi nilijaribu tawi moja pekee, nikasimamisha maji wiki nne, nikatoa majani, maua yakaja lakini machache. Nitarudia mwaka huu kwa mti mzima. Si jambo la kufanya kwa mti mdogo wala mti mgonjwa, kwa sababu unaupokonya chakula chake.

Shida yangu kubwa ni fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi. Amekula mizizi ya miche minne. Unaamka asubuhi mche umelala chini, ukiuvuta unatoka kama kijiti.

#13 FundiMiche

Pole sana ndugu wa Limuru. Fuko ni adui wa kweli. Kabla ya kupanda tandika shimo lote, chini na pembeni, kwa wavu wa kuku wenye matundu madogo. Mizizi mikubwa baadaye itapita, lakini ile miaka mitatu ya mwanzo mti utakuwa salama. Mti uliokwisha kupandwa, tega mitego kwenye njia yake, hakuna dawa nyingine ninayoiamini.

#14 MagambaJuu

Asante kwa habari ya majani, ndugu wa Limuru. Ukirudia naomba urudi utuambie.

Kabla sijasahau, hili ndilo lililonipa matunda mengi kuliko mbolea yoyote, kwa hiyo nakaa nalo kidogo: kuinamisha matawi.

Mpeasi ukiachwa unapenda kusimama. Matawi yake yanaelekea juu yamebanana kama watu wanaochungulia dirisha moja. Tawi lililosimama linakua, tawi lililolala linazaa. Kwa hiyo tawi likiwa bado jembamba, la mwaka mmoja au miwili, nalivuta taratibu mpaka liwe mshazari, karibu na mstari wa ardhi lakini ncha bado inaangalia juu kidogo. Nafunga kamba ya mkonge kwenye kigingi. Mkonge wetu wa Tanga ni mzuri kwa hili, haukati gamba kama nailoni, ila kitanzi kiwe kipana. Naliacha msimu mmoja. Nikifungua, linabaki hapo hapo.

Halafu angalia vitawi vifupi vinavyotokea juu yake, urefu wa kidole, vina mikunjo mikunjo kama ngozi ya kiwiko. Wengi wanavikata wakidhani ni takataka. Hivyo ndivyo vinavyozaa, tena kila kimoja kinazaa miaka mingi. Mwaka wa kwanza wa kupogoa nilivifyeka vingi kwa mkasi wangu mwenyewe na naumia nikikumbuka. Unachotakiwa kukata ni zile fimbo za wima zinazotoka mgongoni mwa tawi, matawi yanayosuguana, na yaliyokufa. Ukikata sana kwa mkupuo mmoja, mti unajibu kwa fimbo nyingi zaidi. Urea nayo inafanya hivyo hivyo. Siku hizi naweka debe mbili za samadi iliyooza kabla ya mvua na matandazo ya majani makavu, yasiguse shina, basi.

Matunda yakifikia ukubwa wa jozi punguza, kila kichala bakiza moja au mawili. Inauma kutupa, lakini tawi halivunjiki na tunda linajaa.

#15 SakinaBoy

Wakuu samahani kwa swali la kitoto. Nilikula peasi la dukani, nikahifadhi mbegu zake, nikaotesha kwenye kopo. Zimeota tano! Zina urefu wa goti sasa na zina miiba. Zitazaa lini? Niko Arusha, Sakina.

#16 FundiMiche

Si la kitoto. Miiba ni kawaida kwa mti wa mbegu ukiwa mchanga. Kuzaa, tegemea miaka 7 mpaka 10, pengine zaidi, wakati mche wa kubebesha unaanza miaka mitatu hadi mitano. Na hautazaa lile peasi ulilokula, mbegu ya peasi haifanani na mama yake. Lakini usizitupe! Hizo ni mashina ya chini tayari. Zikifika unene wa penseli zibebeshe vikonyo vya Kieffer au peasi la Asia. Sakina penyewe ni pa mpaka, chini kidogo kuliko ningependa. Kama una ndugu juu kule Ngaramtoni au Olkokola, mpelekee miwili.

#17 SakinaBoy

Shangazi yuko Olkokola! Nimepata mradi.

#18 UholanziBustani

Salamu kutoka Uholanzi, ndugu zangu, mimi mwenyewe ni mtu wa Mbeya. Huku peasi ni maisha ya watu. Aina kuu ni Conference, jina lililotokana na mkutano wa mapeasi uliofanyika Uingereza mwaka 1885. Nyuma ya nyumba yangu nina mmoja uliobandikwa ukutani, matawi yamefungwa kwenye waya yamelala kushoto na kulia, mti mzima una unene wa sentimita 40. Kwa hiyo anachosema MagambaJuu kuhusu kulaza matawi, huku wanakifanya mpaka mti unakuwa kama ngazi.

Wanabebesha juu ya kwinsi, ambayo ni jamaa ya peasi, ili mti ubaki mfupi na uzae mapema. Lakini si kila aina inakubali. Williams haishikani vizuri na kwinsi, baada ya miaka kiungo kinaweza kuvunjika, hivyo wanaweka kipande cha aina nyingine katikati, kwa kawaida Beurré Hardy.

Desemba nakuja Mbeya. Nije na vikonyo vya Conference kwa ajili ya mama wa Njombe?

#19 FundiMiche

Ndugu, tunakushukuru kwa moyo wako, lakini tafadhali usije navyo kwenye begi. Ulaya kuna ugonjwa wa bakteria unaounguza mipeasi na maepo, tawi linakuwa jeusi kama limepitiwa na moto na ncha yake inajikunja. Kikonyo kinaweza kuwa nao bila kuonyesha dalili. Ugonjwa huo ukiingia nyanda zetu za juu tutalia wote. Kuna utaratibu wa kibali na cheti cha afya ya mimea, mamlaka za afya ya mimea kwa Tanzania ni TPHPA, kwa Kenya ni KEPHIS. Bila hivyo, hapana.

#20 UholanziBustani

Nimekuelewa kabisa, na nashukuru umeniambia mapema. Sileti. Nitaleta mkasi mzuri wa kupogolea badala yake.

#21 MamaNjombe

Mkasi tutaupokea kwa mikono miwili mwanangu.

Sasa kaka wa Magamba, ulisema utafika kwenye kuchuma. Yangu yamekaribia. Mwaka jana niliyaacha mtini mpaka yawe manjano. Nikikata, nje zuri, ndani kahawia na limeoza kwenye kokwa. Nikichuma mapema, gumu kama kiazi.

#22 MagambaJuu

Mama, hapa ndipo peasi linaposingiziwa kuliko matunda yote.

Ukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, pale Soni watakuletea peasi dirishani mwa basi. Abiria ananunua, anang'ata hapo hapo, anatema. Anasema mapeasi ya Lushoto ni mawe. Hajakosea kuhusu alichokila, lakini lile tunda halikuwa limefika siku yake ya kuliwa. Na aliyelichuma alilichuma wiki kadhaa kabla ya wakati ili awahi soko. Nimeishi na jambo hili tangu utoto na linaniuma, kwa sababu tunda zuri limepewa jina baya kwa kukosa wiki mbili za subira.

Peasi la namna ya Kieffer, Williams na Conference halitakiwi kuivia mtini. Linaiva kuanzia ndani kuja nje. Ukingoja ganda liwe njano, kokwa limeshaharibika, na chembechembe zile za mchanga zinazidi. Linatakiwa likomae mtini, liive nyumbani.

Kujua limekomaa: lishike kwenye kiganja, liinue taratibu mpaka lilale usawa wa ardhi. Likikatika lenyewe pale kikonyo cha tunda, kile kijiti kinacholishika, kinapoungana na tawi, limekomaa. Likikung'ang'ania, liache wiki moja ujaribu tena. Usilivute kamwe, utang'oa kile kitawi kifupi pamoja na matunda ya miaka ijayo. Rangi ya ganda nayo inahama kidogo, kutoka kijani kizito kwenda kijani kilichopauka.

Ukishachuma, chagua yasiyo na jeraha. Panga kwenye boksi tabaka moja, gazeti chini na juu, weka chumba chenye ubaridi na giza. Kieffer inapenda nyuzi 16 hadi 18, chini ya kitanda huku milimani ndiyo hapo hasa. Wiki mbili hadi tatu. Kila siku mbili bonyeza kwa kidole gumba kwenye shingo, karibu na kikonyo, si tumboni. Shingo ikikubali kidogo, lile leo. Tumbo likilainika, umechelewa.

Ndugu wa Kigamboni, wewe wa chumba chenye joto, ukinunua peasi gumu lililokomaa liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja. Siku nne tano mara nyingi zinatosha. Angalia kila siku.

Yenye majeraha na yaliyoliwa na ndege usiyatupe. Menya, kata vipande, chemsha na sukari, iliki na kijiti cha mdalasini mpaka vipande viwe na rangi ya asali. Kieffer haivurugiki jikoni, ndiyo sababu Wamarekani waliisindika sana kwenye makopo.

Na yaliyooza yenye funza usiyaache chini ya mti. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza 2003, sasa ameenea, na anazaliana humo. Yafukie kina cha nusu mita.

#23 KibadaMwisho

Nimetoka soko la Ilala na mapeasi sita. Mfuko, ndizi, kabatini. Nitaleta majibu.

#24 MamaNjombe

Nimekwenda na taa jioni hii hii, nimejaribu matunda kumi kwa kuyainua. Manne yamekatika. Sita yamekataa, nimeyaacha. Manne nimeyaweka chini ya kitanda cha mjukuu nikamwambia asiyaguse.

#25 KibadaMwisho

Siku ya tano. Matano safi kabisa, mke wangu ameniuliza nimeyatoa wapi. La sita nililisahau siku moja, ndani limekuwa kahawia.

#26 MagambaJuu

Shemeji apewe salamu. Hilo la sita lilikuwa limelainika tumboni?

#27 KibadaMwisho

Ndiyo, tumboni. Nilibonyeza tumbo badala ya shingo.

#28 MamaNjombe

Siku ya kumi na sita leo. Nimekuwa nikibonyeza shingo kila baada ya siku mbili kama ulivyosema. Leo asubuhi tunda moja limekubali. Nimelikata vipande vinne, mimi, mzee, mjukuu, na kimoja nikampelekea jirani ambaye mwaka jana nilimpa lililooza. Maji yalishuka mpaka kwenye kiwiko. Jirani ameuliza mche unapatikana wapi.

Zile sita nilizoziacha mtini, jana tatu zimekatika.

#29 MagambaJuu

Mwambie jirani asinunue. Vikonyo nitakata Julai, nitavituma kwa basi la Njombe vikiwa kwenye gazeti lenye unyevu. Wewe nitafutie nafasi kwenye friji isiyo na matunda.